Chuma Kimoja, Vyuma Viwili

Kizota, saa nne asubuhi. Upepo umeshaamka.
Giaboksi imeshushwa, imelala ubavu juu ya tairi bovu
kama ng'ombe anayemngoja bwana mifugo.
Fundi Chidawali ananikabidhi flaiwili yangu ya zamani.
"Mbukwa, Mama Nhonya. Ishike. Itikise."

Nikaitikisa. Ikacheza.
Sahani mbili zilizokuwa zimefumbatana
zinalegalega sasa kama jino la mtoto.
Lusito, mwanafunzi wake, anachokonoa grisi nyeusi kwa bisibisi,
anatoa springi moja moja, anazipanga kwenye gunia:
tano nzima,
ya sita imekatika mara tatu.

Kilometa laki mbili na arobaini elfu
springi hizi zilikuwa zikila mtikisiko
nami nikiamini barabara ni nzuri.

"Ukitaka ya vyuma viwili kama hii, mpya,
naagiza Dar, inakuja na basi, keshokutwa iko hapa."
Akataja bei. Nikaona mabati ya nyumba nzima,
na misumari yake.
"Ama hii."
Akaibwaga chini. Vumbi likaruka, mbwa akahama.
Chuma kimoja, hakina tumbo, hakina siri.
"Ikichakaa uso, unavuka barabara kwa yule mkerezaji,
anaiparuza, jioni uko Mpwapwa. Ile nyingine haikerezwi. Ikifa, imekufa."
"Lakini?"
"Lakini itakusemesha."

Akafuta mikono, akaeleza polepole
kama mtu anayehesabu noti za mwenzake:
dizeli haisukumi, dizeli inapiga ngumi.
Na ngumi haipotei, Mama. Inahamishwa.
Usipoiwekea springi itakaa kwenye meno ya gia,
itapanda kwenye fimbo ya gia,
kiganjani,
begani.

Nikakiangalia kiganja changu.
Ningeweza kusema hapa mambo mengi,
nani nyumbani kwetu amekuwa springi ya nani,
na nani amekatika mara tatu kimyakimya.
Sisemi. Hii ni flaiwili.
Inafungwa kwa boliti nane.

Nikageuza stakabadhi ya ushuru wa mazao, nikaandika mgongoni:
alizeti, magunia sitini, Kibakwe mpaka mjini.
Toa mafuta. Toa utingo. Toa rejesho la kikundi, kila Jumatano.
Toa pancha, maana pancha haikosi.
Kilichobaki nikakigawa kwa bei ya vyuma viwili:
safari kumi na tisa.
Kwa bei ya chuma kimoja: saba.
Nikapiga hesabu tena, nikitumaini nimekosea.

"Funga hicho kimoja," nikasema.
"Na pleti ya klachi iwe yenye springi katikati. Walau zile."
Chidawali akatikisa kichwa. Sikujua kama ni sifa au pole.

Saa kumi na moja nikawasha.
Gia iko huru, mguu uko sakafuni peke yake,
na chini ya kiti mtu anapeta karanga kwenye ungo wa bati.
Nikakanyaga klachi: kimya.
Nikaachia: karanga.
"Huo si ugonjwa," Chidawali akapaza sauti. "Ndiyo lugha yake!
Ila usiburuze gia kubwa na mzigo mlimani, utaivunja meno!"

Lusito akaja dirishani, ngumi yake nyeusi kwa grisi.
"Mama, hizi springi nichukue?"
"Za nini?"
"Zizi la mbuzi. Mlango ujirudishe wenyewe."
Chukua, nikamwambia. Hata iliyokatika?
Hata hiyo.

Sasa Gulwe, kwenye reli, treni ya mizigo inapita bila haraka.
Nyuma yangu magunia sitini, mbele yangu mabehewa.
Mguu wangu juu ya klachi, nusu.
Nauachia kidogo, nasikiliza,
naukanyaga tena.
Behewa la thelathini na moja.
Bado linapetwa.